Siri ya Dkt. Jekyll Inafichwa na Nani?

Wengi hukijua kisa cha Dkt. Jekyll na Bw. Hyde kabla hawajakisoma: daktari anakunywa dawa, anageuka mtu mwingine. Robert Louis Stevenson alipokichapisha Januari 1886, msomaji alilijua hilo sura ya tisa tu, kati ya sura kumi. Kwa hiyo, ukikisoma leo, usimfuatilie Hyde. Mfuatilie Utterson, wakili wa Jekyll, na utazame anachokifanya kila anapokaribia ukweli.

Anza na nyumba. Ni vyema uichore kwenye karatasi. Mbele ina mlango mkubwa wa kitajiri, wenye mtumishi wa kupokea wageni. Nyuma, kwenye uchochoro, kuna mlango uliobabuka rangi, usio na kengele wala kigonga. Sura ya kwanza inauonyesha huu wa nyuma peke yake, na wasomaji wengi hawang'amui mapema kwamba milango yote miwili ni ya nyumba moja. Hyde ana ufunguo wa nyuma. Baadaye ufunguo huo unaokotwa umevunjwa kwa kukanyagwa na umeshika kutu: Jekyll alijaribu kujifungia asitoke tena kwa njia hiyo.

Kisha fuata karatasi. Wasia wa Jekyll unasema akitoweka kwa zaidi ya miezi 3, mali yote iende kwa Hyde. Utterson anauchukia, lakini anautunza kwenye sefu. Baada ya Hyde kumuua mbunge Carew, Jekyll anampa Utterson barua ya Hyde, na karani wa Utterson anamwonyesha bosi wake kwamba mwandiko wa Hyde unafanana na wa Jekyll, tofauti ni mlalo wa herufi tu. Wakili huyu, mtu wa sheria, anaamini rafiki yake ameghushi barua hiyo kumkinga muuaji. Usiku huohuo anaifungia barua ndani ya sefu. Polisi hawaambiwi. Halafu inakuja bahasha ya Dkt. Lanyon, rafiki yao wa zamani, na ndani yake bahasha nyingine yenye lakiri, imeandikwa isifunguliwe mpaka Jekyll afe au atoweke. Anatamani kuifungua, hafungui.

Hapa ndipo penye uzito wa kitabu. Kwetu kumsitiri mwenzio ni wema, na Utterson naye anaamini anasitiri. Ila stara yake inampa Hyde muda. Enfield, jamaa wa Utterson, ana kanuni kwamba jambo likizidi kunuka aibu, yeye huzidi kutouliza. Waungwana wa London ya Malkia Victoria walilea ubaya kwa adabu zao wenyewe.

Hofu yao ilikuwa na sababu. Agosti 1885 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ambayo kifungu chake cha 11 kiliadhibu matendo ya kimapenzi baina ya wanaume, hata ya faraghani, kwa kifungo cha hadi miaka 2. Mwenye siri akawa windo rahisi la watu wa kudai pesa ili wanyamaze, na ndivyo Enfield anavyodhani Jekyll amenaswa. Wahakiki kadhaa wanasema basi siri ya Jekyll ndiyo hiyo. Huko ni kwenda mbali mno: Stevenson hazitaji kabisa anasa za ujanani ambazo Jekyll alizificha, na kuzitaja kungeua kitabu.

Kosa jingine ni kudhani Jekyll ni wema mtupu na Hyde ubaya mtupu. Hyde ndiye ubaya mtupu. Jekyll anabaki mchanganyiko uleule wa zamani, na dawa haikumtakasa hata chembe. Ilifanya kazi kwa sababu chumvi ya kwanza aliyoichanganyia ilikuwa na uchafu usiojulikana. Ilipokwisha, chumvi mpya haikufaa kitu, na Jekyll akakosa njia ya kurudi.

Sura ya kumi isome mara mbili, penseli mkononi. Weka alama kila Jekyll anapomsimulia Hyde kwa “mimi”, na kila anaporukia “yeye”. Pana mahali anakiri waziwazi kwamba hawezi kusema “mimi”. Ukiangalia alikoruka, utakuta si kila penye ukatili: mauaji ya Carew anayasimulia kwa “mimi”.