Bango halisi la Kijapani: "halisi" maana yake nini?

Mkusanyaji akikuambia kwamba bango lake la Godzilla, lile dude kubwa la filamu za Kijapani, ni halisi, hamaanishi mchoro wenyewe uliotoka mkononi mwa msanii. Anamaanisha karatasi iliyochapwa ili ibandikwe kwenye jumba la sinema wakati filamu inaonyeshwa. Kazi ya karatasi hiyo ilikuwa kuwaita watu wakate tiketi. Filamu ikiondoka, bango linabanduliwa. Tulichonacho leo ni kile ambacho hakikutupwa, na ndiyo maana mabango ya mwaka 1954, kampuni ya Toho ilipomtoa Godzilla kwa mara ya kwanza, ni adimu mno.

Kwa hiyo uhalisi hapa unapimwa kwa wakati na kwa kazi. Filamu ya 2001: A Space Odyssey ilionyeshwa Japani mwaka 1968, kisha ikarudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 1978. Bango la kila mara lilichapwa kwa ajili ya sinema, kwa hiyo yote ni halisi. Ila la 1978 ni la marudio, na muuzaji mwaminifu atalitaja hivyo hivyo. Lililochapwa juzi kwa ajili ya kupamba sebule ni nakala tu, hata liwe zuri namna gani.

Kwa nini watu wayatafute ya Japani hasa? Kwa sababu mara nyingi Wajapani hawakuchukua bango la Marekani na kulibadilisha maneno tu. Walipanga upya picha, wakaongeza matukio, wakayashusha maandishi yao wima kama mvua. Hata jina la filamu lilipata sura nyingine: hiyo ya 2001 waliiita Uchū no Tabi, yaani safari ya angani. Halafu kuna mchoraji Noriyoshi Ohrai. Alichora bango la The Empire Strikes Back, filamu ya Star Wars, mwaka 1980, na mwaka 1984 akamchora Godzilla amesimama katikati ya maghorofa ya Tokyo. Kwa macho yangu, hakuna aliyelipa dude lile uzito kama yeye.

Saizi ya kawaida inaitwa B2. Mabango mawili ya B2 yakiunganishwa, moja juu ya jingine, unapata tatekan, refu kama mlango mwembamba. Kipo pia chirashi, kikaratasi cha B5 kilichogawiwa bure sinemani: mbele picha, nyuma maelezo ya filamu. Jina lake limetokana na kitenzi cha kutawanya. Asiye na fedha nyingi aanzie hapo, maana chirashi nacho ni halisi kabisa.

Sasa chukua rula. B2 ya Japani si sawa na B2 ya kimataifa: ya Japani ina sentimita 51.5 kwa 72.8, ile nyingine 50 kwa 70.7. Niliwahi kuuziwa bango la filamu ya anga lililoelezwa kuwa la miaka ya sabini. Rangi zilinivutia, karatasi ilikuwa nzito, lakini nilipolipima likatoka 50 kwa 70.7 kamili. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo naomba vipimo kabla ya kuuliza bei.

Vipimo vikikubali, tazama maandishi madogo ya chini kwa lenzi ya kukuzia. Picha yenyewe itakuwa na vitone vya rangi, hilo ni la kawaida katika uchapaji. Lakini herufi nyeusi za bango la kwanza kwa kawaida zilichapwa kwa wino mmoja, kingo zake zimekatika safi. Kwenye nakala iliyopigwa skani, herufi nazo zinageuka vitone, vya bluu, vyekundu na vya njano vimechanganyika na vyeusi, na zile alama ndogo kabisa za Kijapani hazisomeki tena.