Dhana Potofu Kuhusu Hatari za Mijini

Wengi huamini kwamba maafa ya mijini hutokea ghafla, pasipo dalili yoyote. Ukweli ni kwamba mara nyingi dalili huonekana, zikapuuzwa. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilijitokeza katika Rana Plaza, jengo la ghorofa nane huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Mhandisi aliyelikagua alionya kuwa si salama. Benki iliyokuwa humo ikawaondoa wafanyakazi wake, na maduka yakafungwa. Kesho yake washonaji wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa kurudi kazini, na asubuhi hiyo hiyo jengo likaporomoka, likaua watu zaidi ya 1,100. Ukaguzi ulikuwa umefanyika. Kilichokosekana ni mwenye mamlaka aliye tayari kulifunga jengo lote. Ndiyo maana naona kwamba tathmini ya hatari isiyotaja nani atachukua hatua gani, na ndani ya muda gani, haijakamilika hata kidogo.

Dhana nyingine ni kwamba ukubwa wa tetemeko ndio unaoamua idadi ya vifo. Mwaka 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.0, na Chile ikapigwa na la 8.8. Haiti ilipoteza watu wengi mno, makadirio mengi yakizidi laki moja, Chile ikapoteza mia kadhaa. Ni kweli kwamba tetemeko la Haiti lilitokea karibu mno na Port-au-Prince, mji mkuu wa nchi hiyo, lakini tofauti kubwa ilitokana na majengo, kwa kuwa Chile ilikuwa na kanuni kali za ujenzi zilizosimamiwa kwa miaka mingi.

Husemwa pia kwamba “mafuriko ya miaka 100” yakishapita, kizazi kizima kitakaa salama. Sivyo. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, hata mwaka unaofuata mafuriko yenyewe. Anayeishi mahali hapo kwa miaka 30 anakabiliwa na uwezekano wa takriban asilimia 26. Aidha, kila eneo linalosakafiwa kwa zege huzuia maji kuzama ardhini, hivyo ramani ya zamani ya maeneo ya mafuriko huanza kupotosha.

Mwisho, cheti kilichobandikwa ukutani si uthibitisho wa usalama wa leo. Mkaguzi makini huusukuma mlango wa dharura kwa mkono wake, saa ambazo jengo limejaa watu, kwa sababu ndizo saa ambazo milango hiyo hufungwa kwa kufuli au huzibwa na maboksi.