Gia kukwaruza gari likiwa la baridi: maana yake

Gia kukwaruza ni ule mlio wa "krrr" unaosikika asubuhi ukitoka namba moja kwenda namba mbili, kabla gari halijapata moto. Maelezo haya ni ya giaboksi ya manuali. Wengi hudhani ni meno makubwa ya gia yanayosagana, lakini katika magari ya siku hizi gia za kwenda mbele hukaa zimeshikana muda wote. Kinacholia ni yale meno madogo ya ubavuni mwa gia, yakikutana na shafti ambayo bado haijalingana nayo mwendo.

Kazi ya kulinganisha mwendo ni ya sinkronaiza. Hii ni ringi, mara nyingi ya shaba ya manjano, ambayo ndani yake imechongwa mtelemko na mifereji myembamba. Ukisukuma mkono wa gia, ringi hujibana kwenye gia na kuipunguza kasi kwa msuguano, kama breki. Lakini ili ishike, mifereji ile sharti iikamue oili iliyo katikati. Oili ya baridi ni nzito, haitoki upesi, kwa hiyo ringi inateleza na meno yanafika mapema. Oili ya gia ya daraja la 75W-90 yenye mnato (uzito wa kutiririka) wa sentistoki 15 hivi kwenye nyuzi 100 huwa karibu 100 kwenye nyuzi 40. Asubuhi ya Julai kule Njombe au Limuru, kwenye nyuzi 10, mnato huo huongezeka mara kadhaa tena.

Kuwasha gari na kulisubiri uani hakusaidii sana. Mshale wa joto kwenye dashibodi unapima maji ya injini. Giaboksi ina oili yake, nayo hupata moto gari likitembea. Kwa hiyo ondoka taratibu. Kwa dakika 10 au 15 za kwanza badili gia injini ikiwa chini ya mizunguko 2,500 kwa dakika, pumzisha mkono kidogo kwenye nyutro, kisha sukuma bila kulazimisha. Kulazimisha ndiko kunakoimaliza ringi.

Rivasi ina habari yake, maana katika giaboksi nyingi haina sinkronaiza, na injini ya baridi huzunguka kasi kuliko kawaida hata hujakanyaga mafuta. Gari likiwa limesimama kabisa, kanyaga klachi mpaka chini, gusa namba moja ili shafti isimame, ndipo uingize rivasi. Hapa pia pana kipimo kizuri: shikilia klachi chini sekunde 5, kisha ingiza rivasi moja kwa moja. Ikikwaruza bado, klachi haiachii vizuri. Kwa klachi ya maji (inayosukumwa na maji kama ya breki), angalia kama maji hayo yamepungua, kama kuna hewa kwenye paipu au silinda inavuja, kabla ya kumruhusu fundi ashushe giaboksi.

Mvumo unaosikika kwenye nyutro na kupotea ukikanyaga klachi kwa kawaida ni beringi ya shafti inayopokea mwendo wa injini. Mvumo ukianza pale unapokanyaga, ni beringi ya klachi.

Mlio wa baridi unaoisha gari likipata moto unaanzia kwenye oili. Gari likiwa sehemu tambarare na injini imezimwa, fungua nati ya kujazia iliyo ubavuni. Kwa giaboksi nyingi oili inatakiwa ifike ukingoni mwa tundu. Gari dogo hubeba lita 2 hivi. Fuata kitabu cha gari: kikitaka oili ya gia ya daraja la GL-4, usiweke ya GL-5 kwa kuwa tu ndiyo iliyopo dukani, kwani baadhi yake hufanya ringi iteleze zaidi na huweza kuila shaba.

Ukimwaga oili ya zamani, isugue kati ya vidole. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili ni la kawaida. Chembe za manjano zinazometameta ni shaba ya ringi, na ikiwa namba mbili inakwaruza hata gari likiwa la moto, oili mpya haitairudisha; ringi hiyo ni ya kubadilishwa.