Nyumba mpya Dar: maneno ya dalali na ukweli wenyewe

Ukizunguka Goba, Madale, Bunju mpaka Kigamboni huko, kila mtaa una nyumba mpya inauzwa, rangi ya jana, taa za dari la jipsamu, marumaru zinang'aa, na dalali anakwambia bosi wahi kuna mtu analipia kesho. Sasa kabla hujawahi, haya ndo mambo tunayoaminishana mtaani na sio kweli, au ni kweli nusu.

"Nyumba mpya haina matatizo." Jamani, nyumba mpya ni nyumba ambayo haijanyeshewa! Ya zamani makosa yake unayaona, alama ya maji ukutani, ufa, mlango umevimba. Hii yako imepigwa skimu (lile lipu laini la mwisho kabla ya rangi) juzi, utaona nini? Na balaa kubwa siku hizi ni haya mapaa ya kuficha, yaliyozungushiwa ukuta usiyaone kwa nje, nayapenda hata mimi, lakini maji yote ya mvua yanaingia kwenye gata lililojificha nyuma ya ukuta, sasa likiziba majani au kama fundi hakulipatia mteremko wa kutosha maji yanarudi ndani na jipsamu yako inaanza kuota madoa halafu inashuka. Kwahiyo panda ngazi, chungulia juu, hesabu mabomba ya kushusha maji, fungua mfuniko wa dari uone kama mbao zimepigwa dawa. Na kama unaweza kuvuta muda, nenda siku mvua ya masika inapiga, Aprili hivi, utajua na barabara inapitika au mnavuka na mtumbwi.

"Ufa ni ufa tu, rangi inaficha." Hapana. Vile vya mfano wa unywele kwenye plasta ni kawaida, plasta ikikauka inasinyaa. Wa kuogopa ni ule unaoanzia kona ya dirisha unashuka kimshazari na unazidi kufunguka, hapo msingi unaweza kuwa unatitia, tafuta injinia wako mwenyewe, sio yule aliyeletwa na muuzaji. Zege nalo lina subira yake, linatakiwa kumwagiliwa maji walau siku 7 na nguvu yake hupimwa siku ya 28, sasa anayejenga ili auze haraka huwa ana hiyo subira? Ndani ya nyumba iliyokamilika nondo huzioni, ila picha za ujenzi kila mtu anazo kwenye simu, mwombe akuonyeshe msingi na lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Akisema simu iliibiwa, haya. Na tusijidanganye kwamba majengo yanayoanguka ni machakavu tu, lile ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar lililoanguka Machi 2013 lilikuwa bado linajengwa na liliua watu zaidi ya 30.

"Karatasi ya serikali za mtaa inatosha." Mwenyekiti anashuhudia kwamba mmeuziana, yeye hagawi umiliki. Kama eneo lina hati, fanya sachi, yaani upekuzi wa kumbukumbu, kwa Msajili wa Hati, utaona jina la mwenye nayo, kama benki imeishikilia kwa mkopo, kama kuna mtu kaweka zuio. Uliza na kibali cha ujenzi. Kama muuzaji ana ndoa, mwenza wake asaini, Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia na kesi za hivi haziishi. Halafu pima umbali, barabara kuu inachukua mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyingine zina hifadhi pana zaidi, waulize waliobomolewa Kimara mpaka Kiluvya 2017 kupisha barabara ya Morogoro, nyumba nzuri tu zile. Kutoka mtoni au baharini ni mita 60.

Apatimenti ni habari nyingine kidogo, sheria ya 2008 (Unit Titles Act) inakupa hati ya sehemu yako tu, ngazi na paa ni vya wote, kwahiyo uliza mapema ada ya mwezi ni ngapi na nani anaishika.

"Bei aliyotaja ndo hiyo hiyo." Nyumba mpya inapouzwa mara ya kwanza na aliyesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kwa kawaida kuna asilimia 18. Uliza imo ndani au inaongezwa, kwenye nyumba ya milioni 100 ikiongezwa ni milioni 18 nzima! Kodi ya faida ni ya muuzaji, lakini wengi wanakusukumia kimya kimya, na deni la pango la ardhi likiwepo uhamisho wa hati unakwama. Yote yaandikwe nani analipa.

"Lipa yote ndo upewe funguo." Mnaweza kukubaliana ubakize kiasi mpaka masika moja ipite, akirekebisha yaliyovuja unammalizia. Wengi watagoma, ila aliyejenga vizuri mara nyingi mnajadiliana, mwanasheria aliweke kwenye mkataba na tarehe kabisa.