Uongozi wa biashara wakati wa shida huanzia kwenye hesabu za fedha

Kazi yangu ni uhasibu na ushauri wa biashara hapa Dodoma. Wateja wangu wengi ni kampuni za kati: wakamuaji wa alizeti wa Kongwa na Singida, wafanyabiashara wa nafaka wanaotegemea soko la Kibaigwa, na wasambazaji wa vifaa vya ujenzi waliokua kwa kasi tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo. Ninapoulizwa ni sifa gani inayomtambulisha kiongozi mzuri biashara inapoyumba, muulizaji huwa anatarajia nitaje ujasiri, maono au utulivu. Sizidharau sifa hizo. Hata hivyo, niliyoyashuhudia yananielekeza kwenye jambo lisilo na mbwembwe: kiongozi mzuri huijua hali halisi ya fedha zake mapema, na huisema kwa tarakimu mbele ya wale inaowahusu wakati bado kuna njia zaidi ya moja ya kutokea.

Kuijua hali hiyo mapema si rahisi kama inavyosikika, hasa katika ukanda wetu wa kati, ambako mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Mkamuaji wa alizeti hutumia sehemu kubwa ya mtaji wake katika miezi michache ya mavuno kununua mbegu, kisha fedha humrudia kidogo kidogo anapouza mafuta na mashudu. Maadamu ghala limejaa magunia, anajiona tajiri, na benki nayo inamwona hivyo. Mwaka 2022, vita vilipozuka nchini Ukraina, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa mafuta ya alizeti duniani, bei ya mafuta ya kula ilipanda sana hata huku kwetu, na wapo walionunua mbegu kwa bei ya kilele wakiamini kwamba hali ile itadumu. Bei ilipogeuka, hasara yao ilikuwa imekwisha kuingia ghalani, ingawa hakuna kitabu cha hesabu kilichokuwa kimeionyesha. Aliyekuwa na desturi ya kuthamini upya mbegu zake kila wiki kwa bei ya soko ya wiki hiyo aliiona hasara ikingali ndogo, akauza sehemu ya shehena na kupunguza mkopo. Aliyesubiri hesabu za mwisho wa mwaka aliikuta imekomaa.

Msambazaji wa vifaa vya ujenzi ana mtego wa aina nyingine. Akiuza kwa mkopo na kutoa ankara, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 huhesabiwa kuwa imeiva hata kama mteja hajalipa, na ritani yake, yaani taarifa ya kodi hiyo, inatakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mteja akichelewa miezi sita, msambazaji amekwisha kuilipia kodi fedha ambayo hajaipokea. Kwenye taarifa ya mapato na matumizi kampuni hiyo inaonyesha faida nzuri. Kwenye akaunti ya benki hakuna mshahara wa mwezi ujao. Kiongozi asiyeelewa tofauti kati ya faida na fedha taslimu huongoza akiwa amefumba macho, hata awe na karama ya kuzungumza kiasi gani.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalomwomba mkurugenzi aliyebanwa ni jedwali la wiki 13 zijazo, wiki moja baada ya nyingine: fedha gani itaingia, kutoka kwa nani, na ipi itatoka. Nasisitiza aandike tarehe ambayo mteja atalipa kweli kwa kuzingatia mwenendo wake wa nyuma, si tarehe iliyo kwenye mkataba. Nasisitiza pia kwamba fedha zisizo zake zitengwe tangu mwanzo, yaani kodi aliyoikata kwenye mishahara na makato ya wafanyakazi yanayopaswa kwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wakurugenzi wengi huona makato hayo kuwa mkopo wa bure wa muda mfupi, na hapa siwezi kuwa mpole: anayelipia dizeli ya malori kwa akiba ya uzeeni ya mpakiaji wake hajaokoa biashara, bali amemhamishia mwenye kipato kidogo mzigo wake bila kumwuliza. Jedwali hilo aliandae mkurugenzi mwenyewe akisaidiwa na mhasibu. Akimwachia mhasibu peke yake, atalipokea kama taarifa ya hali ya hewa ya mji mwingine.

Kuna mfano wa mbali ninaoupenda kwa sababu unahusu hesabu kuliko unavyohusu ushujaa. Shirika la ndege la Japan Airlines liliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2010, na mwezi uliofuata Kazuo Inamori, mwanzilishi wa kampuni ya Kyocera, akakubali kuliongoza bila mshahara akiwa na umri wa miaka 78. Hakuwa mtaalamu wa usafiri wa anga. Alikuta hesabu za matokeo zikiwafikia viongozi baada ya kuchelewa mno, akasimamia kujengwa kwa utaratibu wa kugawa shirika katika vitengo vidogo, ili wahusika waone mapato na gharama za kila njia ya ndege kwa haraka na kuwajibika nazo. Septemba 2012 hisa za shirika hilo zilirejea katika soko la Tokyo. Wanaosimulia habari hii hupenda kuruka upande wake mchungu: wafanyakazi wapatao 16,000 waliondoka, na wadai walisamehe sehemu kubwa ya madeni. Mimi nautaja, kwa kuwa uongozi wa wakati mgumu una gharama inayolipwa na watu, na anayeificha gharama hiyo hawezi kutufundisha chochote.

Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo: kusema. Mkurugenzi wa kwetu mara nyingi ni baba au mama wa familia, ni mzee wa kanisa au mjumbe wa kamati ya msikiti, na anaona kukiri upungufu wa fedha kuwa ni kujivua heshima. Basi huendelea kuchangia harusi kama zamani, huendelea kubadilisha gari, na wafanyakazi wanaambiwa mambo ni mazuri. Lakini wafanyakazi hao ndio wanaohesabu magunia na ndio wanaopokea simu za wadai. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio katika biashara huanza pale fundi bora wa mashine anapohamia kwa mshindani kwa kuwa amesikia habari mtaani kabla ya kuzisikia kwa bosi wake.

Kusema nako kuna namna yake. Watanzania wa rika langu na walionitangulia wanakumbuka kwamba baada ya Vita vya Kagera Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wakaze mikanda kwa miezi 18. Alichofanya kwa usahihi, kwa maoni yangu, ni kulitaja jambo lenyewe bila kulipamba: vita vimetugharimu, na gharama lazima ilipwe. Miezi ile ilipita na dhiki ikaendelea hadi katikati ya miaka ya 1980, kwa kuwa bei ya mafuta ya petroli, ukame na udhaifu wa uzalishaji havikuwa chini ya amri ya mtu mmoja. Kwa hiyo mimi huwashauri wakurugenzi wasiahidi tarehe ya shida kwisha. Waahidi wanachokimudu, kwa mfano kwamba mshahara wa mwezi huu na ujao upo, na kwamba kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi watawaeleza wafanyakazi mauzo, madeni na salio. Mfanyakazi huvumilia habari mbaya inayofika kwa siku yake kuliko matumaini yanayosogezwa mbele kila mara.

Ikifika hatua ya kupunguza watu, sheria yetu inataka kilekile ambacho uongozi mzuri unataka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi mara tu anapolifikiria, atoe taarifa muhimu zinazohusika, na ashauriane nao kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, vigezo vya kuchagua, muda na malipo. Wasipoafikiana, suala hupelekwa kwenye usuluhishi katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kiinua mgongo cha chini ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi, na miaka inayohesabiwa haizidi kumi, na anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Wakurugenzi hulalamika kwamba masharti haya yanachelewesha. Yanamchelewesha aliyeanza akiwa hana tena fedha ya kulipa stahiki hizo. Aliyeanza mapema hupata hata mapendekezo asiyoyawaza: nimeona wafanyakazi wakikubali zamu fupi na likizo bila malipo katika miezi ambayo mashine husimama, kiwanda kikabaki na mafundi wake wote. Sharti lisiloandikwa popote ni kwamba posho ya mkurugenzi ipunguzwe kwanza, na ionekane imepunguzwa.

Kuhusu benki nitasema machache, kwa kuwa kanuni ni moja. Mkopo uliopitisha siku 90 bila rejesho huhesabiwa kuwa chechefu, na tangu hapo meneja wa tawi hana tena uhuru mkubwa wa kukusaidia. Mkurugenzi anayekwenda na jedwali lake la wiki 13 akiwa bado hajaruka rejesho hata moja huzungumzia kuongezewa muda. Anayezima simu hadi mwezi wa nne huzungumzia mnada.

Swali ambalo wateja wangu hulikwepa kuliko yote ni la nani atashika hatamu ikiwa wao wataugua katikati ya shida hiyo. Katika kampuni nyingi za hapa, mwenye saini benki ni mmoja, na anayejua wadai kwa majina ni huyohuyo. Siku hizi sianzi kazi ya kunusuru biashara kabla mtu wa pili hajapewa saini na nakala ya lile jedwali, awe mwenzi wa mkurugenzi, mwanawe au meneja wa ghala, mradi ajue kulisoma.