Ute haujakauka: dhana potofu kuhusu magoti ya wanamichezo

Pita uwanja wowote wa mchangani jioni mechi ikiisha. Hutakosa mchezaji aliyekaa pembeni, mguu ameunyoosha, goti limezungushiwa bandeji ya kubana, mwenzake anamchua kwa dawa yenye harufu kali. Ushauri unamiminika kutoka kila upande: ute umekauka, kula bamia, acha mpira kabisa, kachomwe sindano. Wanaosema hivyo wanamtakia mema. Lakini mengi wanayoyasema hayaendani na namna goti linavyofanya kazi, na inaniuma kuona kijana wa miaka 24 akitundika daluga kwa tatizo ambalo mazoezi sahihi ya wiki 6 hadi 12 yangeweza kulituliza.

“Ute umeisha, kula bamia na supu ya kongoro”

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Ute wa goti hautoki kwenye chakula chenye utelezi. Unatengenezwa na utando mwembamba unaozunguka kiungo chenyewe, na kazi hiyo inaendelea usiku na mchana. Utelezi wa bamia na mlenda ni nyuzinyuzi; unaishia tumboni na kwenye utumbo, haufiki gotini. Kongoro nalo likiliwa husagwa na kuwa protini ndogo ndogo ambazo mwili unazitumia popote unapohitaji. Vyakula hivi ni vizuri, ila si grisi ya kujazia kiungo.

Tena angalia jambo hili: goti lililovimba baada ya mechi huwa na majimaji mengi kuliko kawaida, si machache. Utando umekereka, unamwaga ute kupita kiasi, goti linajaa, ndiyo maana linakaza na kugoma kukunja unapotaka kuchuchumaa au kukaa baada ya kusujudu. Uvimbe huo unafanya kitu kingine ambacho wengi hawakijui: unazuia msuli wa mbele wa paja kufanya kazi kwa nguvu zake zote. Ndani ya wiki chache paja linapungua kwa macho. Pima kwa futi ya fundi cherehani, paja la mguu unaouma na la mguu mzima, mahali palepale. Tofauti utaiona mwenyewe.

Na ile milio? Goti likilia “ko!” unapoinuka, bila maumivu wala uvimbe, mara nyingi ni viputo vya gesi ndani ya ute. Haimaanishi mifupa inasagana.

“Kukimbia kunamaliza magoti”

Uchambuzi mmoja wa tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2017, uliwalinganisha watu wa aina tatu. Kati ya wanaokimbia kwa kujifurahisha na kutunza afya, waliokutwa na kusagika kwa nyonga au goti walikuwa takribani asilimia 3.5. Kwa wasiokimbia kabisa ilikuwa asilimia 10.2. Wakimbiaji wa mashindano makubwa ndio waliofika asilimia 13.3. Kwa hiyo si mbio zenyewe, ni kiasi.

Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Linapata lishe kutoka kwenye ute, na ute unaingia na kutoka humo pale goti linapobanwa na kuachiwa, yaani unapotembea, unapokimbia, unapokunja na kunyoosha. Goti lisilofanya kazi linakosa lishe.

Kinacholeta maumivu mara nyingi ni haraka. Mtu amekaa ofisini mwaka mzima, anajiandikisha Kilimanjaro Marathon, kisha anaanza mazoezi zikiwa zimebaki wiki tano na kila Jumamosi anaongeza kilomita kwa pupa. Moyo na mapafu vinazoea upesi, kano na gegedu vinachelewa. Kuteremka nako kuna mzigo wake. Wataalamu wa Berlin waliweka vipimo ndani ya magoti bandia ya wagonjwa, wakakuta kutembea kwenye tambarare kunalibebesha goti takribani mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, na kushuka ngazi zaidi ya mara tatu. Waliopanda mlima Kilimanjaro wanaelewa: kutoka Uhuru, mita 5,895, hadi lango la Mweka unateremka zaidi ya mita 4,000, na wengi magoti yao hayasemi neno wakati wa kupanda, yanasema wakati wa kushuka.

“Likiuma, pumzika mpaka lipone kabisa”

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapopotezea msimu mzima. Mchezaji anapumzika mwezi, maumivu yanaisha, anarudi uwanjani kwa dakika 90, kesho yake goti lilelile. Anapumzika tena miezi miwili. Kila akipumzika paja linazidi kunyong’onyea, na goti linarudi kwenye mechi likiwa dhaifu kuliko lilivyotoka.

Kwa maumivu ya kawaida ya mwanamichezo, yale yanayozunguka pia ya goti (kile kifupa cha mbele) au kwenye kano iliyo chini yake, yanayochomoza ukishuka ngazi au ukikaa muda mrefu ndani ya basi, kinachotakiwa ni kupunguza mzigo, si kuufuta. Badala ya mechi tatu kwa wiki, cheza moja fupi au kimbia taratibu tambarare, huku ukijenga paja, makalio na vigimbi. Kipimo ni rahisi: kwa kiwango cha 0 hadi 10, maumivu madogo ya 2 au 3 wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kesho asubuhi goti lirudi lilivyokuwa jana. Likiamka limevimba au limekaza zaidi, ulizidisha, punguza, usiache.

Zoezi la kuanzia halihitaji kifaa. Egemeza mgongo ukutani, sogeza miguu mbele hatua moja, teremka taratibu kama unayetaka kukalia kiti, uishie pale maumivu yanapoanza kuchokoza. Baki hapo sekunde 30 hadi 45. Paja litatetemeka, ndivyo inavyotakiwa. Pumzika dakika moja au mbili, rudia mara nne au tano. Baada ya wiki mbili hivi, likikubali, hamia kwenye ngazi moja: simama juu kwa mguu unaouma, shusha kisigino cha mguu mwingine hadi chini ukihesabu moja, mbili, tatu, kisha panda. Fanya mbele ya kioo, au mwenzako akuangalie. Goti likilalia ndani kuelekea goti la pili, mara nyingi nyonga ndiyo dhaifu, na hata ukichua goti mwaka mzima hutaigusa.

“Kuruka kichura kunakomaza magoti”

Kuna makocha ambao bado wanayamalizia mazoezi ya jioni kwa kichura, timu nzima, miguu ikiwa imeshachoka. Kuruka ukiwa umechuchumaa hadi chini kunaikandamiza pia ya goti dhidi ya paja kwa nguvu kubwa. Goti zima na lenye msuli linaweza kuvumilia. Goti linalouma halijengwi hivyo, na kumwadhibu kwa kichura mtoto anayelalamika goti ni kumuumiza. Hili nalisema bila kuzunguka.

“Kandia maji ya moto na uchue hapohapo”

Goti lililopindwa sasa hivi na linaanza kuvimba halitaki joto wala kuvutwa. Libane kwa bandeji kiasi, liinue, tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hivi kutuliza maumivu. Barafu yenyewe inatuliza tu, haiponyi: Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeueneza ushauri wa mapumziko na barafu mwaka 1978, alikuja kuandika baadaye kwamba vyote viwili vikizidi vinaweza kuchelewesha uponyaji. Maji ya moto yana nafasi yake kwa goti lililokakamaa asubuhi bila uvimbe mpya.

“Sindano moja tu, unarudi uwanjani”

Sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, inaweza kupoza maumivu kwa wiki kadhaa, na wapo wanaoihitaji. Kuirudiarudia ni habari nyingine. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 140 wenye magoti yaliyosagika: nusu walichomwa steroidi kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, nusu maji ya chumvi. Waliopata steroidi walipoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakuwa na nafuu kuwazidi wenzao.

Kunywa diklofenaki, dawa ya maumivu, kabla ya mechi ni tabia mbaya zaidi kwa kuwa inapatikana kila duka la dawa. Inaficha maumivu yanayokuambia upunguze, inachokoza vidonda vya tumbo, na kuinywa huku unakimbia juani bila maji ya kutosha ni kuzitesa figo.

“Picha ya MRI imeonyesha pamechanika, basi ni kisu”

Ndani ya goti kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la hilali. Kwa watu wa makamo vinachanika polepole hata bila ajali. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliwapima watu 991 wenye miaka 50 hadi 90. Kati ya waliokutwa na mchaniko, asilimia 61 hawakuwa na maumivu yoyote mwezi uliotangulia. Nchini Ufini, mwaka 2013, wagonjwa 146 wenye mchaniko wa aina hiyo waligawanywa: wengine walikatwa kipande, wengine walifanyiwa upasuaji wa kuigiza, bila kukatwa kipande hicho. Baada ya mwaka mmoja hali zao zilikuwa sawa.

Kijana aliyepinda goti uwanjani ni tofauti. Akisikia “pa!” ndani, na goti likajaa ndani ya saa mbili tatu, huenda ligamenti ya katikati imekatika. Wanawake wanaocheza mpira wanaipata zaidi kuliko wanaume. Amwone daktari wa mifupa mapema. Hata hapo kisu si lazima kwa kila mtu: katika utafiti wa Uswidi wa 2010, kati ya vijana 59 walioanza na mazoezi ya tiba, 36 hawakuwa wamehitaji upasuaji miaka miwili baadaye. Aliyepasuliwa asirudi kwenye mechi kabla ya miezi 9, hata goti likiwa linajisikia zima.

“Mtoto anakua, ndiyo maana goti linamuuma”

Mara nyingi ni jambo dogo. Mchezaji wa miaka 10 hadi 15 mwenye kinundu kinachouma chini tu ya goti, pale kano inaposhika mfupa, atapona akipunguziwa mbio na kuruka. Lakini neno “kukua” lisizibe masikio ya mzazi. Goti jekundu, la moto, lililovimba, pamoja na homa, linaweza kuwa na usaha ndani. Linahitaji hospitali siku hiyohiyo. Mtoto mwenye selimundu anayelia goti asiachwe na dawa ya kuchua. Maumivu yanayomwamsha usiku wiki baada ya wiki, au uvimbe mgumu juu kidogo ya goti, yanahitaji eksirei, kwa kuwa saratani ya mifupa ya vijana hupenda kuanzia hapo. Na akichechemea bila goti lenyewe kuonyesha kasoro, mwambie daktari amwangalie nyonga: nyonga inapoumwa, mtoto huonyesha goti.