Kikosi cha zimamoto ni kitu gani hasa, na kwa nini kila siku "wamekuja hawana maji"

Kila moto ukitokea hapa Zanzibar, uwe Darajani, Mwanakwerekwe ama Chake, haichukui muda utasikia mtu anasema zimamoto wamekuja hawana maji. Maneno haya nayasikia tangu mdogo na mpaka leo yapo, na naona yanatokana na kwamba wengi wetu zimamoto tunaijua kwa lile gari jekundu na king'ora chake basi, na vijana wengine wanaijua zaidi kwa mpira maana timu ya Zimamoto ilichukua ubingwa wa ligi kuu ya Zanzibar 2016 mpaka ikaenda kucheza klabu bingwa Afrika. Sasa kikosi chenyewe ni kitu gani?

Kikosi cha zimamoto ni mpango mzima ambao mji unajiwekea juu ya moto. Ndani yake kuna watu walioko zamu usiku na mchana, kuna vituo vilivotawanywa ili gari lifike mapema, kuna maji ya kuchota barabarani, simu ya kupokelewa saa yoyote, na sheria ya kumruhusu mkaguzi aingie kwenye jengo kabla halijaungua. Gari ni kipande kimoja tu humo, na kikikosekana kimoja vyengine vyote vinapungua nguvu.

Tuchukue hilo la maji. Gari la kawaida la kuzimia moto linabeba kama lita 2,000 hivi, yapo yanayobeba zaidi. Mpira mmoja wa maji ukifunguliwa sawasawa unaweza kutoa lita 400 mpaka 500 kwa dakika, sasa piga hesabu, ni dakika nne au tano tangi limekwisha, na wakifungua mipira miwili hata dakika tatu hazifiki. Kwa hivyo mara nyingi gari lilikuja na maji yake kamili ila yameisha mbele ya macho yetu. Yale maji ya kwenye tangi ni ya kuanzia kazi, kumtoa mtu ndani na kuuzuia moto usivuke nyumba ya pili, wakati huo wenzao wanatafuta haidranti, yaani lile bomba la maji la barabarani, ya kuunganisha mipira au boza liko njiani linakuja. Pale ambapo haidranti hakuna, au ipo lakini mtu kaiegeshea gari juu yake, au imejengewa ukuta, au bomba halina presha, hapo gari halina budi kurudi kujaza na sisi tuliobaki tunalaumu.

Mambo haya miji mikubwa imeyapitia zamani sana. Roma mwaka wa 6 baada ya Kristo mfalme Augusto aliunda kikosi cha walinzi wa usiku, wengi wao walikuwa watumwa walioachwa huru, wakagawiwa makundi saba na kila kundi likapewa mitaa miwili katika mitaa 14 ya mji. Walikuwa na ndoo, shoka na pampu za mkono, na kitu ninachokipenda zaidi, mkuu wao alikuwa na mamlaka ya kumuadhibu mwenye nyumba aliyezembea na moto wake. Yaani ukaguzi ulikuwepo tangu huko.

London ndo kisa chenyewe. Septemba 1666 mji uliungua siku nne na nyumba zaidi ya 13,000 zikateketea, na baada ya hapo kampuni za bima zikaanza kuweka vikosi vyao wenyewe, kila moja na wazimaji wake, na nyumba iliyokatiwa bima inapigiliwa kibati ukutani. Mwaka 1833 kampuni hizo zikaunganisha nguvu chini ya James Braidwood, mtu aliyekwisha kuunda kikosi cha Edinburgh 1824 na kuwafundisha watu wake kuingia ndani kuufuata moto pale unapowaka badala ya kumwaga maji kwa nje tu. Braidwood alikufa kazini 1861, ukuta ulimwangukia kwenye moto wa maghala ya mtaa wa Tooley, na hasara ilikuwa kubwa hata kampuni za bima zikaiambia serikali mzigo huu hatuuwezi tena. Ndipo kuanzia 1866 London ikawa na kikosi cha umma kinacholipwa na fedha za umma, anazimiwa aliye na bima na asiye nayo.

Kwetu hapa kikosi kinaitwa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, ni moja ya Idara Maalum za SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, pamoja na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), Mafunzo (magereza) na Valantia, kinaongozwa na Kamishna, makao makuu yapo Kilimani, na Pemba nayo ina watu wake. Bara wana chombo chao mbali kilicho chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, maana zimamoto haimo kwenye mambo ya muungano. Na hilo neno uokozi halikuwekwa kwa kupamba jina, tarehe 25 Disemba 2020 Beit el Ajaib, lile jumba la zamani la Mji Mkongwe, ilipoporomoka watu wakabaki chini ya kifusi, wawili wakafariki, hapakuwa na moto wa kuzima pale, ilikuwa kazi ya kufukua na kutafuta roho.

Kwenye tukio mwenye amri ni mmoja tu. Dereva ndiye anayeshika pampu, wanaoingia kwenye moshi huingia wawiliwawili na mitungi ya hewa mgongoni ambayo nayo ina muda wake, kwa hiyo mtu akikwambia subiri ujue anahesabu hewa ya mwenzake.

Mji Mkongwe ndo mtihani mkubwa. Vichochoro gari haliingii, mipira inaburutwa kwa mkono kutoka barabara kubwa, kuta ni za mawe na chokaa lakini dari ni boriti za mikoko na mbao kavu za miaka mingi, juu waya za umeme zimepishana. Huko Nungwi na Paje shida ni nyengine, ni makuti, cheche moja ikipata upepo wa bahari inaruka banda hadi banda, na hapo hata gari lingekuwa jirani lisingewahi yote. Kwa hali hiyo mkaguzi anayekuja hotelini au dukani kuangalia waya, mtungi wa kuzimia moto na mlango wa dharura naona anaokoa zaidi ya mwenye mpira, ila huyu ndiye tunayemkwepa.

Moto ukitokea namba ya zimamoto ni 114. Taja shehia, taja skuli au msikiti ulio karibu, sema kinachoungua ni nini na kama kuna mtu ndani au mtungi wa gesi, usikate simu mpaka wao wakate. Kisha mtume kijana asimame barabara kubwa awaoneshe njia, na wenye vespa na magari mdomoni mwa uchochoro wayaondoe mapema.